Mita Tisini Juu ya Junda

Mwaka 2022, kaskazi ikiwa imechoka na mvua za masika bado hazijashika, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, mjane, na mwanafunzi. Neno la mwisho naliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu watu walionijua mwaka ule waliliona la pili wakalisahau la tatu. Eda yangu ilikwisha Ijumaa, tarehe 11 Februari. Jumatatu yake, tarehe 14, nilipanda ngazi za jengo moja la Changamwe, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaketi dawati la mbele katika kozi ya urushaji wa droni, katikati ya vijana ambao wangeweza kuwa wanangu na ambao kwa wiki nzima walinidhania mpishi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na saba, kwa madarasa ya watu wazima ya jioni, na nilipata alama nzuri katika jiografia. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba yale niliyoyajua mwaka ule niliyaokota njiani.

Naukumbuka mwaka huo sasa kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Athumani, mdogo wa marehemu mume wangu, na katika hitma yake alisimama mzungumzaji mmoja, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikapigika, akamsifu marehemu kwa mengi ya haki, kisha akasema kwamba alikuwa msikivu na mwepesi wa kushauriwa. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, sahani ya pilau mapajani. Athumani nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na Mungu amweke pema. Lakini yale maneno, mwepesi wa kushauriwa, yalinikaba koo pamoja na wali. Mjane wake, Rehema, ambaye alikuwa akilia tangu asubuhi, alinitazama, akaelewa, akaninong'oneza: "Dada, meza kwanza. Utacheka ukifika kwako." Nikameza. Nimefika kwangu, na sikucheka. Nimeketi kuandika.

Studio ya mume wangu Salim ilikuwa kando ya Barabara ya Magongo, vyumba viwili chini ya jina lake, Salim Picha na Video, lililoandikwa kwa rangi ya kijani juu ya mlango. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji ambayo hakuna mteja wetu aliyewahi kuyaona, na kiti kimoja cha mapambo ambacho mabibi harusi wa nusu ya Changamwe waliwahi kukikalia. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa maisha yetu: meza, chupa ya chai ya tangawizi, betri zikichajiwa juu ya rafu, na droni yenyewe ndani ya sanduku lake jeusi, kitu ambacho Salim alikinunua kwa jasho la miaka na akakifaidi kwa miezi michache tu. Alipofariki, droni ilibaki mikononi mwa Athumani, kwa sababu yeye alikuwa tayari na leseni. Alifanya kozi, akakaa mtihani, akafaulu. Narudia: alifaulu. Mpaka leo ninapoifikiria karatasi ile ya majibu yake nahisi joto kichwani.

Maana jambo lenyewe halikuwa gumu. Mwalimu wetu, kijana wa kutoka bara jina lake Mutua, alilieleza siku ya tatu ya kozi kwa chaki na mstari uliopinda. Sheria inasema usiruke zaidi ya futi mia nne juu ya ardhi, ambazo ni kama mita mia moja na ishirini, na ardhi inayosemwa ni ile iliyo chini ya droni wakati huo, popote ilipo. Lakini namba inayosomeka kwenye kioo cha rimoti haiijui ardhi hiyo. Huhesabu kutoka mahali pale ulipoirushia, basi. Palipo tambarare namba mbili hizo ni moja. Penye kilima zinaachana, na zisipoangaliwa huachana vibaya: ukirushia kileleni ukaipeleka juu ya bonde, utakuwa umevuka kiwango huku kioo kikikusifu, ukirushia bondeni ukaielekeza kilimani, kioo kitakuambia uko juu sana na huku unakaribia kugonga paa la mtu. Zipo droni mpya zinazoujua mteremko na kuufuata zenyewe. Yetu haikuwa miongoni mwao. "Swali la kwanza si ngapi," Mutua alisema, ndege ya abiria ikitua uwanjani na kutetemesha madirisha yote. "Swali la kwanza ni juu ya nini. Mkinisahau mimi, hiyo msisahau, wadau." Niliiandika. Sikuhitaji kuiandika, lakini mtu aliyesubiri darasa kwa miaka thelathini huandika kila kitu.

Jioni ile ile nililipeleka somo hilo studio, bado la moto. Athumani alikuwa akinywa chai, na mezani palikuwa na mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Nilimweleza. Akanisikiliza kwa ile heshima ya mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mita mia ni mita mia, shemeji," akasema. "Hata ukiipeleka Makka."

"Kutoka wapi, Athumani?"

"Kutoka chini. Kwani chini ni ngapi?"

Hapo nikafanya kosa la kuamini kwamba mtu akiona ataelewa. Nilipanga mahamri matatu, moja juu ya jingine, yakawa kilima. Bakuli la mbaazi likawa maji ya mkono wa bahari kule Junda, tulikokuwa tukitarajiwa mwezi unaofuata. Nikashika kijiko, nikakiinua juu ya mbaazi, nikakipeleka taratibu, bila kukipandisha wala kukishusha, mpaka kikaligusa hamri la juu. "Umeona?" nikamwambia. "Kijiko hakikushuka hata kidogo. Kilima ndicho kilichokifuata." Athumani alikitazama kile kilima kwa makini yote. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kilele, akakichovya katika mbaazi, akakila.

"Sasa hakuna kilima," akasema. "Tuendelee na kazi."

Nilikasirika, lakini nilikasirika kidogo, kwa kuwa yalikuwa mahamri tu. Tarehe 12 Machi, Jumamosi, mwezi wa Shaaban, hayakuwa mahamri tena. Tulikuwa na kazi ya harusi Junda. Upande wa bwana harusi walikaa chini, karibu na maji. Upande wa bibi harusi walikaa juu kabisa ya kilima kilicho nyuma yake, katika nyumba ya nyanya yake, Bi. Mwanakombo, ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika isipokuwa kwamba ulipita themanini na kwamba haukuwa umempunguzia chochote. Siku hiyo upande wa bwana ulikuwa ukipeleka sanduku la bibi harusi: nguo, manukato, viatu, kila kitu kimebebwa vichwani na wanawake wakiimba njia nzima, kutoka majini mpaka kileleni. Ndiyo picha waliyoitaka, msafara ukipanda, uonekane kutoka juu. Na saa hiyo hiyo, juu kule, uani, bibi harusi alikuwa akisingwa. Kwa asiyejua: binti hukalishwa, leso imefungwa kifuani na mabega wazi, akasuguliwa mwili mzima kwa singo na liwa, unga wa manukato uliokandwa, na wanawake waliochaguliwa, na mwanamume hasogei hata nje ya ua mpaka kazi iishe. Ua wa Bi. Mwanakombo ulikuwa wa makuti marefu yaliyosukwa yakakaza. Ulizuia macho ya kila upande isipokuwa mmoja, ambao hakuna fundi aliyewahi kuufikiria.

Athumani alitandaza mkeka wake wa kurushia kando ya maji. Nilimwambia turushie kutoka juu. Akasema mwanga ni mzuri huku. Nikamwambia basi, kila msafara unapopanda, naye aipandishe droni kwa kiasi hicho hicho. Alinigeukia kwa mshtuko wa kweli.

"Shemeji, wataka nivunje sheria? Nikipanda nao, kioo kitasoma mia na hamsini. Utanilipia faini wewe?"

"Kitasoma mia na hamsini kutoka hapa! Kutoka pale utakuwa tisini tu!"

"Tisini ndiyo nitakayokaa. Tangu hapa hadi pale. Tisini." Na akapiga kioo kwa ukucha, tk, tk, kama mtu anayegonga meza ya hakimu.

Hilo ndilo lililoniudhi mwaka ule kuliko yote, na ndilo linaloniudhi hata leo yeye akiwa kaburini: shemeji yangu hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Alikuwa mtu wa kuitii vibaya. Angekuwa mkaidi wa kawaida, ningemshtaki kwa ndugu zake. Lakini utamshtaki vipi mtu ambaye shida yake ni uadilifu?

Nilipanda na msafara. Nyuma yangu nilisikia droni ikiinuka, kisha ikatupita, sauti yake ndogo. Tulivyopanda ndivyo sauti ilivyokua. Katikati ya mteremko ilikuwa kama nyuki; karibu na kilele ilikuwa kama mashine ya kusagia, na vivuli vya mabawa yake vilipita juu ya sanduku la bibi harusi. Kisha ndani ya ua pakatoka ukelele mmoja, halafu kumi, halafu kata ya maji, ile ya kifuu chenye mpini mrefu, ikaruka juu ya makuti, ikageuka hewani na kuanguka miguuni petu. Wimbo ukakatika. Mlango wa ua ukafunguliwa, akatoka Bi. Mwanakombo, mkono mmoja umeshika leso kichwani na mwingine bado uko juu, kama vile hajaamini kwamba ile kata imetoka.

"Liko wapi lile dudu? Na nani mwenyewe?"

Mwenyewe alikuja baadaye, akihema, rimoti kifuani, baada ya kuirudisha droni chini salama. Akaamkia kwa adabu. Bi. Mwanakombo hakuitika.

"Ulikuwa ukituchungulia."

"Hasha, nyanya! Ilikuwa mita tisini. Naapa. Haikuwahi kushuka chini ya tisini."

"Tisini za nani? Nimeiona miguu yake minne, na jito moja chini ya tumbo, lageuka hivi na hivi. Kwa mato yangu haya!"

"Kwa mita tisini huwezi kuona miguu, nyanya. Labda alikuwa kunguru."

Mimi nilifumba macho. "Kunguru," Bi. Mwanakombo alisema polepole, akiwageukia wenziwe mmoja mmoja. "Mwasikia? Nimezeeka mpaka sasa nasinga watoto wa watu mbele ya kunguru."

Ndoa ilifungwa, alhamdulillahi, kwa kuwa bwana harusi alikuwa kijana wa akili. Lakini habari ziliteremka kilima kwa kasi kuliko maji. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mtaa wa jirani wa Magogoni walikuwa wakisema kwamba Salim Picha na Video wana mikanda ya mabibi harusi wakisingwa. Zilipofika Magongo, tulikuwa tukiiuza. Harusi mbili za Shaaban zilizokuwa zimetupa kazi zilituma vijana kuja kuchukua arbuni yao, na mmoja wao alisimama nje ya mlango, hakuingia, akilitazama lile jina la kijani kama linanuka. Amu yake bwana harusi akapeleka malalamiko kwa chifu na kwa mamlaka ya anga. Na juu ya yote hayo Athumani, badala ya kunyamaza, akatangaza msikitini kwamba yuko tayari kula yamini: atashika msahafu mbele ya watu aseme ilikuwa mita tisini. Bi. Mwanakombo alipoambiwa akajibu kwamba hata yeye hana haja ya kubembelezwa, naye atashika huo huo msahafu, aseme alichokiona. Ustadh wa msikiti ule akaweka Ijumaa, tarehe 20 Mei, baada ya mwezi mtukufu na baada ya kikao cha chifu kilichopangwa Alhamisi ya kuamkia siku hiyo.

Msomaji wa bara huenda asilijue uzito wa jambo hili. Kwetu yamini si maneno. Anayeapa uongo huamini yeye mwenyewe, na huaminiwa na mtaa mzima, kwamba hatamaliza mwaka. Na ukishaapa, mtu akikuona unakohoa huhesabu. Hapa palikuwa na watu wawili, kila mmoja akienda kuapa ukweli mtupu, na mtaa ulikuwa umeshakata shauri kwamba mmoja wao lazima awe mwongo. Akiaminiwa bibi, shemeji yangu alikuwa mchunguliaji, na jina la mume wangu juu ya mlango lilikuwa jina la nyumba ya wachunguliaji mpaka rangi ya kijani itakapobanduka. Akiaminiwa shemeji, tulikuwa tumemfanya mwongo mwanamke wa miaka themanini mbele ya vitukuu vyake, kwa sababu hatujui kusoma kilima. Nilikwenda kwa ustadh nikamweleza kuhusu namba na ardhi. Akanisikiliza kwa upole, akasema mambo ya namba ni ya ofisi, kwake ni ulimi na msahafu. Nilikwenda kwa chifu. Akasema mambo ya yamini ni ya ustadh, na mambo ya anga yana afisa wake atakayekuja, mama, subiri. Nilimrudia Athumani. Akaniambia, "Kioo hakisemi uongo, shemeji."

"Hakisemi uongo," nikamjibu. "Kimeulizwa swali jingine."

"Basi kama hakisemi uongo, naapa."

Katikati ya Ramadhani, alasiri moja, nilipanda kilima peke yangu na kapu la mihogo kichwani, kwa kuwa kwa mtu mliyemkosea huendi mikono mitupu. Bi. Mwanakombo alikuwa jikoni, chumba cha udongo chenye mlango mfupi, kiza ndani na moto wa makuti makavu ukimwangaza nusu uso. Nikaamkia.

"Marahaba. Umekuja kunipima mato?"

"Nimekuja kukuonyesha ulichokiona, nyanya."

Hakunikaribisha kiti, alinisogezea mbuzi ya kukunia na kizio cha nazi, nami nikajua nimekaribishwa. Kabla sijaanza kukuna, nilimwekea video kwenye simu. Hakuna mwanamume aliyekuwa ameitazama baada ya siku ile. Nilikuwa nimemnyang'anya Athumani kadi pale pale kilimani na hilo, walau, hakulipinga. Alitazama msafara, mapaa, makuti, kisha ua wake mwenyewe kutoka mbinguni, vichwa vya wanawake vikiinuka. Uso wa binti haukuonekana, umeinamishwa. Kilichoonekana vizuri kuliko vyote ni mkono wa bibi ukirusha kata, na kata ikija, ikija, mpaka ikawa kubwa kuliko kichwa chochote pale uani.

"Nililikosa kidogo," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Kisha akagusa namba iliyokuwa pembeni ya kioo kwa kidole chenye unga. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo tisini yake."

Tabasamu likaondoka. Nikaifuta video mbele yake, nikamwonyesha kwamba imefutika, nikaanza kukuna nazi, nikitafuta maneno. Mstari wa Mutua usingefaa. Mahamri yalikwisha kuliwa. Nje, mkaza mwanawe alikuwa akibishana na jirani aliyekuja kuazima kamba ya kisima. "Hiyo si yake," nilimsikia. "Hiyo ni ya kisima cha bondeni, ukiiteremsha kisima cha hapa kati ndoo itaning'inia tu. Chukua ile ndefu." Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi.

"Nyanya," nikasema, "maji ya kisima cha bondeni na maji ya kisima cha kati, yapi yako juu?"

"Swali gani hilo? Ni maji mamoja. Bondeni kamba pima tatu umeyafikia, hapa kati pima kumi na tano, na huku juu babu zetu walichimba wakachoka wakaacha. Maji hayakuondoka mahali pake. Nchi ndiyo iliyopanda."

"Nchi ndiyo iliyopanda," nikasema.

Alikuwa akikoroga mbaazi. Mwiko ukapunguza mwendo. Alitazama juu, kwenye makuti ya dari, kama anayeona kupitia, kisha chini, upande wa mlango, uliko mteremko na maji. Sikumsaidia. Kuna watu ambao ukiwamalizia fikira zao hawakusamehe, nami ni mmoja wao.

"Kwa hiyo lile dudu halikushuka," akasema hatimaye.

"Halikushuka, nyanya."

"Lilitoka bondeni, likaja sawa. Sisi ndio tuliokuwa juu."

"Ninyi ndio mliokuwa juu."

Akaonja mbaazi kwa ncha ya ulimi, akatema, akaongeza chumvi. "Basi sili yamini juu ya mtu mkweli. Lakini na yeye asile juu yangu. Alipofika hapa aliniambia kunguru. Aseme kwa kinywa chake, mbele ya chifu, kwamba alikuwa karibu na mimi niliona. Si wewe umsemee. Wewe wasema vizuri, kila mtu ajua. Yeye." Akanitazama. "Na kabla ya hapo mlete achote maji ya futari. Visima vyote viwili."

Sasa ndipo ilipokuja sehemu iliyonichosha kuliko kilima. Athumani akisema aliyotaka bibi, alikuwa anajivua tuhuma ya kuchungulia na kuivaa ya pili: kuruka karibu na nyumba na watu kinyume cha kanuni. Leseni yake ingesimamishwa, nayo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Mimi mtihani wangu ulikuwa bado. Nilimweleza hayo yote studio, baada ya kufuturu, sikumficha.

"Yaani wataka niende nikajishtaki."

"Nataka uchague. Mjinga kwa siku moja, au mchunguliaji maisha."

"Hakuna la tatu?"

"Lilikuwepo mwezi wa pili. Ulilila."

Akainuka akaenda zake. Lakini Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani alipanda Junda, akachota. Nilikuwa nimeketi kizingitini kwa Bi. Mwanakombo, nikamwona bondeni akivuta ndoo mara mbili tatu na imefika, akiimba kidogo. Kisha kisima cha kati, akivuta, akivuta, wimbo umekwisha, akisimama kupumua na saumu yake, akiitazama ile kamba iliyojilundika miguuni pake kama nyoka aliyemtoka yeye mwenyewe. Alipofika juu na ndoo, viganja vyekundu, bibi akapokea maji, akamwambia "ahsante, mwanangu," basi. Hakumfundisha neno. Njiani kurudi nilimwuliza ameonaje. Akasema kamba ya kisima cha kati inahitaji kubadilishwa, imechakaa. Mungu ni shahidi wangu, ndilo neno pekee nililopata mpaka Alhamisi ya tarehe 19 Mei.

Siku hiyo mvua ilipiga bati la ofisi ya chifu kiasi kwamba ilibidi kila neno lisemwe mara mbili. Palikuwa na benchi moja, viti vya plastiki, amu wa bwana harusi na faili lake, ustadh karibu na mlango, Bi. Mwanakombo katikati ya wakaza wanawe wawili, na afisa wa mamlaka ya anga, mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe lililoloa bega moja. Chifu aliniambia mapema kwamba sikuitwa kusema. Nilikubali, na nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili ili niwe na cha kushika. Malalamiko yakasomwa. Ustadh akakumbusha kwamba kesho, inshallah, baada ya swala, pande zote mbili zitakula yamini. Kisha afisa akafungua kalamu.

"Bwana Athumani. Siku hiyo droni yako ilikuwa juu kiasi gani?"

Nililiona neno tisini likimjia mdomoni. Nililijua umbo lake kwa jinsi nilivyolisikia mara nyingi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akavitazama viganja vyake. Mvua ikapiga bati.

"Juu ya nini?" akauliza.

Afisa akadhani hakusikika. "Nasema, ilikuwa juu kiasi gani?"

"Nimekusikia, bwana. Nami nauliza, juu ya nini? Juu ya maji niliporushia, ilikuwa mita tisini. Juu ya ua wa nyanya hapa, haikuzidi thelathini. Mimi nilikuwa nikiitazama ile ya kwanza. Sheria ilikuwa ikiniuliza ya pili." Akamgeukia Bi. Mwanakombo, na sauti yake ikashuka hata mvua ikaifunika, akalazimika kurudia. "Uliiona miguu yake, nyanya. Hakuwa kunguru."

"Na kata?" akasema bibi.

"Na kata ilikosa kidogo."

Ustadh ndiye aliyecheka kwanza, akajifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Afisa hakucheka, alimtazama Athumani kwa muda, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi kwa mwanafunzi asiyemtarajia, kisha akaandika. Amu wa bwana harusi akalifunga faili. Chifu akasoma uamuzi, mara mbili kwa ajili ya mvua: tuhuma ya kuchungulia imeondolewa na walalamishi wenyewe, na isirudiwe, Athumani amekiri kuruka karibu na nyumba na watu kwa kutoizingatia ardhi, leseni yake imesimamishwa mpaka atakapokaa mtihani upya, studio isirushe kitu mpaka iwe na mwenye leseni halali. Yamini ya kesho, akasema ustadh, haipo. Bi. Mwanakombo akaweka kidole gumba. Mimi nikatia saini kama shahidi, jina langu lote, kwa mwandiko ambao niliusubiri miaka mingi. Muhuri ukagongwa.

Tulisimama barazani kungoja mvua ipungue. Nilikuwa nimekosa kazi, nimelowa miguu, na bado nina hasira ya miezi mitatu ambayo sasa haikuwa na pa kwenda. Athumani alisimama kando yangu, mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, "hebu nieleze tena yale ya mahamri."

"Ukanunue mwenyewe," nikamwambia. "Na safari hii ununue manne."